Shajara ya mradi: Jioni za kusikiliza watunzi wa Brendel, Moshi

Mradi wenyewe ni huu: kukusanya watu katika ukumbi wa usharika hapa Moshi, mara moja au mbili kwa mwezi kadiri ukumbi unavyopatikana, tusikilize muziki wa piano ambao mpiga piano Alfred Brendel aliushikilia maisha yake yote. Kiingilio hakuna. Wanaokuja wengi ni wanakwaya, wapiga kinanda wa makanisani, na vijana wachache ninaowafundisha piano. Naandika ili mwenye kutaka kufanya jambo kama hili Tanga, Bukoba au Eldoret apate pa kuanzia. Gharama zote ni za shilingi ya Tanzania.

12 Julai 2025: Mtu mmoja badala ya karne tatu

Mpango wa awali ulikuwa mpana mno: kuanzia Bach hadi Debussy, kila jioni mtunzi wake, na tarehe zake, na vipande vyake vinavyojulikana. Niliposoma daftari tena niliona ni kipindi cha darasani tu. Mtu ametoka kazini, amechoka, halafu unamkalisha umsomee miaka ya kuzaliwa ya Wajerumani.

Brendel alifariki London tarehe 17 Juni akiwa na miaka 94, na wiki hiyo nilirudi kuzisikiliza rekodi zake. Hapo ndipo mpango ulipogeuka. Huyu hakuwa mpiga piano wa kila kitu. Alikuwa na watu wake: Haydn, Mozart, Beethoven, Schubert, na pembeni yao Liszt, ambaye alimtetea wakati wengi walimwona mwenye mbwembwe tu. Chopin alimrekodi kidogo miaka ya 1960, akamwachia wengine. Kwa Rachmaninoff hakuwa na muda. Lakini sonata 32 za Beethoven (kazi za piano zenye sehemu kadhaa) alizirekodi zote mara tatu: kwanza kwa kampuni ya Vox akiwa kijana, kisha kwa Philips katika miaka ya 1970, kisha tena kwa Philips katika miaka ya 1990. Mtu anayerudia kazi kubwa namna hiyo mara tatu ana kitu anachokitafuta.

Kuna sababu ya pili iliyonivutia, nayo inawahusu wanafunzi wangu. Brendel alizaliwa tarehe 5 Januari 1931 Wiesenberg, Moravia, iliyokuwa Chekoslovakia, katika familia isiyokuwa na wanamuziki. Walipohamia kisiwa cha Krk, baba yake akawa na hoteli, na mtoto ndiye aliyekuwa akiwapigia wageni santuri kwenye gramafoni. Piano alianza na miaka sita huko Zagreb. Masomo ya kawaida yaliisha akiwa na miaka 16 hivi. Baada ya hapo alihudhuria madarasa machache ya mabingwa wa piano, hasa ya Edwin Fischer huko Lucerne, na sehemu kubwa iliyobaki alijifundisha mwenyewe kwa kujirekodi na kujisikiliza. Mwaka 1949 alishiriki shindano la Busoni mjini Bolzano, akawa wa nne. Kijana wa Moshi asiye na mwalimu wa karibu anapaswa kuijua habari hii kabla ya kujua opasi (namba ya kazi ya mtunzi) yoyote.

26 Julai 2025: Sauti, na pesa iliyokwenda huko

Jaribio la kwanza lilikuwa kwa spika ya blututhi inayotumika kwenye mikutano ya vijana. Nilichagua sonata ya mwisho ya Schubert, D. 960 (namba yake katika orodha ya kazi zake) ya B flati, kwa makusudi. Inaanza na wimbo mpole, karibu kama wa kanisani, halafu mkono wa kushoto unapiga trili (noti mbili jirani zinazopishana haraka) chini kabisa, kwa sauti ndogo, na muziki unanyamaza. Trili ile ndiyo inayokuambia kuwa upole huu una jambo chini yake. Kwenye spika yetu haikusikika hata kwa aliyebandika sikio.

Nilishuku faili, maana nilitumiwa kwa simu, na muziki unaopita huko hubanwa. Nikaweka CD halisi: hali ni ileile. Spika ndogo haina uwezo wa kushuka chini kiasi hicho, na hakuna mpangilio wa kwenye simu utakaoirekebisha. Bongofleva inastahimili kwa sababu besi yake imetengenezwa isikike kwenye spika kama hizo. Piano haikutengenezwa hivyo.

Fundi redio mmoja karibu na stendi aliniuzia amplifaya iliyotumika pamoja na spika mbili kubwa za mbao za zamani, jumla 340,000. Spika moja ilikuwa na mpira uliooza pembeni ya koni. Alibadilisha hapohapo, na bei hiyo ni pamoja na kazi. Ukipewa za aina hii, bonyeza mpira kwa kidole kabla ya kulipa.

Mahali pa kuziweka palitusumbua zaidi ya kununua. Kwenye pembe za ukumbi besi ilivimba ikafunika mkono wa kulia. Tulizisogeza hatua moja na nusu kutoka ukutani, juu ya mabenchi, tukaweka mikeka chini na kutandaza vitenge kwenye ukuta wa nyuma. Ukumbi wa saruji unarudisha sauti kama pango, na Mozart akirudi mara mbili huwezi kumfuata. Vitenge vilisaidia kuliko nilivyotarajia, na havikugharimu kitu kwa kuwa akina mama wa kwaya waliviazima.

Umeme: siku ya majaribio ulikatika, tukawasha jenereta. Ilikuwa nje, nyuma ya jiko, na bado ilisikika kwenye kila pumziko. Muziki huu una mapumziko mengi. Tukaachana nayo na kununua inveta ndogo na betri, 430,000. Ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika mradi huu, na ndiyo nisiyoijutia.

16 Agosti 2025: Jioni ya kwanza, iliyoshindwa

Ratiba ilikuwa na watunzi watano, kila mmoja kipande kimoja. Watu walisikiliza kwa adabu, wakapiga makofi, wakanywa chai. Siku ya mazoezi ya kwaya niliuliza wanakumbuka nini. Wengi walikumbuka chai. Haydn, Mozart na Beethoven walikuwa wameungana kichwani mwao kuwa kitu kimoja kirefu chenye noti nyingi.

Kilichobaki ni Bach peke yake. Tulipiga “Ich ruf zu dir, Herr Jesu Christ”, wimbo wa kanisa ambao Bach aliuandikia ogani na mtunzi Busoni akauhamishia kwenye piano. Brendel aliurekodi kwa Philips katika albamu yake ya Bach ya 1976. Wanakwaya wa Kilutheri hawakuhitaji maelezo yoyote. Waliusikia wimbo juu, waliisikia besi ikitembea chini, na mzee mmoja wa sauti ya nne aliitikia besi hiyo kwa kunong’ona mpaka mwisho. Wao tayari wanaishi ndani ya muziki wa sauti nne. Bach alikuwa amebisha hodi kwenye nyumba yenye watu.

Bach si mtu ambaye Brendel alimpiga sana jukwaani. Mwalimu wake Fischer ndiye aliyekuwa mtu wa Bach: katika miaka ya 1930 alikuwa wa kwanza kurekodi vitabu vyote viwili vya Bach vya prelude na fuga 48 (fuga ni kipande ambamo sauti huingia moja baada ya nyingine na wimbo uleule). Lakini tamasha la kwanza la Brendel, huko Graz mwaka 1948 akiwa na miaka 17, lilihusu fuga tupu, na ndani yake akaweka Bach, Brahms, Liszt, na sonata aliyoitunga mwenyewe yenye fuga ya mada mbili. Ujana nao!

Marekebisho: kuanzia sasa kipande kimoja kwa jioni, kisikilizwe mara mbili au tatu, chai katikati. Ratiba yangu ya watunzi watano ilikuwa kinyume kabisa na jinsi mtu tunayemfuata alivyoishi na muziki wake.

6 Septemba 2025: Haydn na CD “iliyokwaruzwa”

Sonata ya C, Hob. XVI:50, ambayo Haydn aliiandika London katikati ya miaka ya 1790 kwa ajili ya mpiga piano Therese Jansen. Tulichukua sehemu ya mwisho tu, ambayo ni ya dakika chache. Muziki unakwenda kwa furaha, ghafla unaangukia kwenye kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) isiyo yake, unasimama, halafu unaanza upya kama mtu aliyejikwaa mbele za watu na kujifanya hakuna lililotokea.

Mara ya kwanza hakuna aliyecheka. Kijana wa mitambo aliinuka akaenda kuifuta CD. “Mwalimu, imekwaruzwa, inaruka.” Nikamwambia airudishe vilevile, bila kueleza neno. Mara ya pili ilipofika palepale mama mmoja wa sauti ya pili alicheka, akajiziba mdomo kwa khanga. Baada ya chai tuliipiga mara ya tatu, na sasa ukumbi mzima ulikuwa unaisubiri ile kodi. Ilipokuja walishangilia.

Brendel aliwahi kutoa mhadhara Cambridge mwaka 1984 kuhusu ucheshi katika muziki huu, na Haydn alikuwa shahidi wake mkuu. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu juu ya hilo. Sikuyasoma. Ushauri kwa atakayeiga: ukieleza mzaha kabla ya kuupiga, umeuua. Waache wadhani mtambo ni mbovu.

27 Septemba 2025: Vitufe 61

Vijana waliomba wapige wenyewe badala ya CD. Kinanda cha ukumbi kina vitufe 61. Hapa kuna jambo ambalo wapiga kinanda wetu walilipenda sana: piano ambazo Beethoven alizitungia sonata zake za mwanzo, kuanzia zile tatu za Opus 2 zilizochapishwa 1796, nazo zilikuwa na oktava tano, yaani vitufe 61 vilevile. Nikafikiri tumepona.

Hatukupona. Piano za wakati ule zilianzia F chini na kuishia F juu. Kinanda chetu kinaanzia C na kuishia C. Idadi ni moja lakini vitufe saba vya chini havipo, na badala yake kuna saba vya juu ambavyo Beethoven wa miaka ile hakuwa navyo. Kila besi iliposhuka ilibidi kuipandisha oktava moja, na kishindo kikageuka mlio wa filimbi. Tulijaribu kitufe cha kuhamisha ufunguo, kinashusha kila kitu sawasawa. Vidole vikawa vinapiga F mahali pa C, na kijana aliyejifunza kwa noti akapotea kabisa. Aliyejifunza kwa solfa aliweza kidogo, maana kwake do ni do popote ilipo.

Tatizo la pili: vitufe vya kinanda hicho havijali umebonyeza kwa nguvu kiasi gani. Sauti ni ileile. Beethoven anaandika piano (yaani kwa sauti ndogo), baada ya noti mbili anaandika forte (kwa nguvu), na kinanda hakijui.

Suluhisho lilikuwa kuazima piano ya kidijitali ya vitufe 88 kwa mwenzangu wa Arusha. Usafiri wa kwenda na kurudi 60,000, pamoja na blanketi mbili za kuifungia. Noti tulipakua bure mtandaoni, kwa sababu Beethoven alifariki 1827 na kazi zake hazina mwenyewe tena; kuchapisha ni 200 kwa ukurasa.

Rekodi ni habari nyingine, na lazima niliseme hili wazi. Noti za Beethoven ni za wote, ila Brendel akizipiga katika miaka ya 1990 kazi hiyo ina wenyewe. Kijana mmoja alipandisha mtandaoni video ya jioni ya Haydn na sauti ikazimwa kabla hakujakucha. Tangu hapo tunachopandisha ni vijana wetu wakipiga wenyewe, na kwa rekodi zinazopigwa ukumbini ulizia kibali kwenu kabla ya kutangaza tarehe.

18 Oktoba 2025: Variesheni 33

Hapa kanuni ya kusikiliza mara tatu iligonga mwamba. Variesheni za Diabelli za Beethoven, Opus 120, yaani wimbo mmoja uliogeuzwa kwa namna 33, zinachukua karibu saa nzima. Brendel alirudi kwenye kazi hii tena na tena, jukwaani na kwenye maandishi yake, nami sikutaka kuiruka.

Kisa chake kinapendeza. Mwaka 1819 Anton Diabelli, mchapishaji wa Vienna, aliandika wimbo mdogo wa waltz (dansi ya mapigo matatu) akawatumia watunzi wengi, kila mmoja auandikie variesheni moja. Beethoven alikaa nao hadi 1823 akarudisha 33. Kwenye mkusanyo wa wale wengine, uliotoka baadaye, yumo Schubert, na yumo mtoto wa miaka 11 anayeitwa Franz Liszt. Watu watatu wa Brendel kwenye wimbo mmoja wa kibiashara!

Tulijaribu kuisikiliza nzima moja kwa moja. Kufika kama variesheni ya kumi watu walikuwa wamepotea, simu zikaanza kuwaka. Tukasimamisha. Mwalimu wa kwaya, ambaye hakuwa kwenye ratiba yoyote, ndiye aliyetuokoa. Aliuliza, “Wimbo wenyewe unaanzaje kwa solfa?” Unaanza kwa kushuka, do kwenda sol ya chini. Akawaimbisha wote do–sol, do–sol, sauti zote nne, mpaka ikakaa. Kisha akasema: ukiisikia, inua mkono.

Tulipiga variesheni chache tu, tukiruka huku na huku. Mikono ilipanda. Mahali pengine ilipanda mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuisikia. Kwenye variesheni ya 22 Beethoven anaacha wimbo wa Diabelli na kuingiza ule wa mtumishi Leporello katika opera ya Mozart, Don Giovanni, akilalamika kuwa anafanya kazi usiku na mchana. Wimbo huo nao unaanza do–sol. Nilipowaambia maneno yake, ukumbi uliangua kicheko: mtunzi amebebeshwa waltz ya mchapishaji na sasa analia kama mtumishi.

Muda ulikwisha kabla ya nusu. Kazi nzima nimeigawanya katika jioni tatu za mwaka ujao. Gharama ya siku ni chai na karanga tu, 25,000.

22 Novemba 2025: Mvua

Mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba hatukukutana. Tuliporudi ilikuwa zamu ya Schubert, D. 960, na vuli ilikuwa imeshika. Paa ni la mabati na dari hakuna. Mvua ilianza kabla ya ile trili ya kwanza, na mambo yakaishia hapo.

Tuliongeza sauti. Sehemu za nguvu zikawa kelele na zile za chini bado hazikusikika, kwa sababu umbali kati ya sauti ndogo na sauti kubwa ya piano ni mrefu na huwezi kuupandisha wote. Kuna aliyependekeza vipokea sauti vya masikioni, lakini kwa watu arobaini ni pesa ambayo hatuna. Dari ya mbao ndogondogo ilikadiriwa na fundi kwa milioni kadhaa, tumeiacha.

Tulichofanya ni kuhamia sebule ya nyumba yenye dari, watu nusu siku moja na nusu siku nyingine. Spika mbili zilitosha bila vitenge. Kwa masika na vuli huu ndio utaratibu wetu sasa, na muziki wa piano umepata kuwa sebuleni, ambako Schubert mwenyewe alikuwa akiwapigia rafiki zake.

13 Desemba 2025: Ubishi wa marudio

Sebuleni trili ilisikika. Baada ya chai tukapiga sehemu ya kwanza mara ya pili, lakini safari hii kwa rekodi ya mpiga piano mwingine, Sviatoslav Richter. Nilitaka wasikie mwendo tofauti, maana Richter anaipeleka polepole mno, zaidi ya dakika 20 kwa sehemu hiyo peke yake. Sikutegemea kilichotokea.

Mzee wa sauti ya nne, aliyekuwa amepewa karatasi ya noti, alinyanyua mkono. “Mwalimu, huyu wa pili amerudia toka mwanzo. Yule wako hakurudia. Na hapa pameandikwa arudie.”

Alikuwa sahihi. Schubert ameweka alama ya marudio na Brendel aliikataa. Alilitetea jambo hilo kwa maandishi na wenzake wakambishia, András Schiff akiwemo. Wanaombishia wana hoja nzito: ukiacha kurudia, unatupa baa tisa (vipimo vya muziki kwenye noti) alizoziandika Schubert kwa ajili ya kurudi mwanzo tu, na humo trili, ambayo kila mara hunong’ona, hupigwa kwa nguvu zote. Kwa Brendel ule mshtuko ulikuwa mgeni na sehemu nyingine zote za sonata.

Sebule iligawanyika. Wanakwaya walikuwa upande wa alama: kama mwalimu ameandika rudia, unarudia. Kijana mmoja alisema kama Brendel alimpenda Schubert kiasi hicho, angewezaje kumkata maneno? Mama wa sauti ya pili akamjibu kuwa yeye ameishi na mume wake miaka thelathini na kuna hadithi zake huwa hamruhusu azirudie. Ubishi ulipita saa ya kufunga.

Mimi naegemea kwa Richter hapa, nikijua kuwa Schubert alimaliza sonata hii mwishoni mwa Septemba 1828 na kufariki tarehe 19 Novemba, miaka 31 tu. Baa tisa zake siwezi kuziacha. Lakini uamuzi wa Brendel nauheshimu kwa kuwa hakuupitia njia ya mkato. Mtu aliyecheza kazi hii miongo kadhaa ana haki ya kukataa baa tisa; mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili bado hana, na nimemwambia hivyo.

20 Desemba 2025: Hesabu, na Mozart wa Januari

Vifaa: amplifaya na spika 340,000, inveta na betri 430,000, CD zilizotumika alizoniletea mpwa wangu kutoka Ujerumani 95,000. Jumla 865,000. Kila jioni inakula kama 25,000 za chai na karanga, na tukihitaji viti vya ziada ni 400 kwa kiti. Michango ya hiari imerudisha robo ya fedha hizo. Rekodi zote za Brendel kwa Philips zipo katika sanduku la CD 114 lililotolewa 2016. Tuliulizia bei tukacheka.

Januari ni Mozart, konseto (kazi ya piano na okestra) ya E flati, K. 271, ya mwaka 1777. Ndiyo aliyoipiga Brendel katika tamasha lake la mwisho, ukumbi wa Musikverein mjini Vienna, tarehe 18 Desemba 2008, pamoja na okestra ya Vienna Philharmonic na kondakta Charles Mackerras. Alikuwa na miaka 77 na aliaga kwa kazi ya kijana wa miaka 20 au 21. Okestra inatoa sentensi moja fupi na piano inaijibu papo hapo, wakati desturi ilikuwa piano isubiri okestra imalize hotuba yake.

Ugumu ninaoutarajia: vaiolini kwenye spika zetu zinakwaruza, jambo ambalo kwa piano pekee halikujitokeza. Fundi anasema spika ndogo za juu zimechoka, jozi ni 45,000. Atazifunga tarehe 3, na tarehe 5 tutajaribu na watu wachache. Mzee wa sauti ya nne ameshaomba noti mapema, za okestra na za piano, zilizochapishwa kwa herufi kubwa.